Jina Katika Beti ya Mwisho: Malenga Wetu na Riziki ya Kalamu

Mwaka jana, siku chache baada ya mvua za vuli kukatika, alinijia nyumbani mwanafunzi wangu wa zamani. Nilimfundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne, naye alikuwa miongoni mwa wale wachache ambao mwalimu huzisoma insha zao mara mbili: mara ya kwanza kwa kalamu nyekundu, mara ya pili kwa raha. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya chai, alitoa simu yake akanionyesha orodha ya makala. Zilikuwa kumi na moja. Aliziandika usiku, kwa muda wa miezi miwili, kwa ajili ya mtu aliyemfahamu kwa herufi mbili tu na picha ya mlima. Makala ya kumi na moja ilipopokelewa, mtu yule alifunga akaunti yake akatoweka. Hakulipa hata senti moja.

“Mwalimu,” aliniuliza, “hivi wale malenga uliokuwa ukitufundisha, walilipwa na nani? Na walifanyaje wasidhulumiwe?”

Nilifundisha fasihi kwa miaka thelathini na minne. Nilifundisha vina na mizani, vipande na vituo, dhamira, falsafa na msimamo wa mtunzi. Swali hilo sikuwahi kuulizwa, na la kusikitisha zaidi ni kwamba sikuwahi kujiuliza. Vitabu vyetu vya darasani humweleza malenga kana kwamba aliishi kwa kula upepo. Hutwambia alizaliwa lini, alitunga nini na alikufa lini. Habari ya unga wa ugali wake haimo. Nilimwomba yule binti anipe muda nikasome upya. Insha hii ndiyo jibu langu kwake, na kwa vijana wengine wanaotafuta riziki ya kalamu kupitia mtandao. Mbele nitaeleza pia kisa changu mwenyewe, maana aliyeuliza hakujua kwamba aliyeulizwa naye alikwisha kuliwa.

Kazi ya kuagizwa

Miongoni mwa tenzi kongwe zilizotufikia ni Utendi wa Tambuka, ambao pia huitwa Chuo cha Herekali. Ulitungwa Pate mwaka 1728 na Mwengo wa Athumani, nao unasimulia vita baina ya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi. Nilipokuwa chuo cha ualimu Korogwe, mwanzoni mwa miaka ya 1980, tuliujadili utendi huo kwa upande wa lugha yake ya kale na athari za Kiarabu. Jambo moja tulilipita kwa haraka: kwamba Mwengo aliutunga kwa agizo la mfalme wa Pate. Kwa maneno ya leo, ilikuwa kazi ya kuagizwa. Mteja alikuwapo, mada ilikuwapo, na mtunzi alijua nani anamngojea amalize.

Nalitaja hili kwanza kwa sababu wapo miongoni mwetu wapenzi wa ushairi wanaoona haya kulitaja neno malipo. Hudhani kwamba ilhamu ni ndege mwoga: akisikia mlio wa sarafu huruka. Historia ya lugha yetu haikubaliani nao. Utendi uliosimama kwenye mlango wa fasihi yetu andishi uliagizwa, na haukudhoofika kwa kuagizwa. Mwengo aliishi katika mji mmoja na aliyemwagiza. Alijua masikio yatakayousikiliza utendi wake, alijua watu hao wanajivunia nini na wanahofia nini. Kumjua msikilizaji kulimpa maneno, na kumjua huko huko kulimpa hifadhi. Mfalme hafungi akaunti usiku akawa hajulikani alikokwenda.

Lugha yenyewe inashuhudia kwamba wazee walilifikiria sana suala la malipo ya ufundi. Tazama maneno tuliyorithi. Kuna ada, malipo yanayojulikana kwa desturi, ambayo anayeomba huduma huyatambua kabla hajaanza kuomba. Kuna arubuni, fedha ya kutangulia inayofunga makubaliano, ili fundi asianze kazi kwa ahadi tupu. Kuna kilemba, zawadi aliyopewa fundi au mwalimu kazi au mafunzo yalipokamilika. Kuna tunzo, litokalo kwenye kitenzi kutunza, yaani kumpa mwimbaji fedha hadharani, ngomani au kwenye taarabu, watu wote wakiona. Ada kabla ya mazungumzo, arubuni kabla ya kazi, kilemba baada ya kazi, tunzo mbele za watu: huo ni utaratibu kamili, wala haukuletwa na intaneti.

Nanyi wapenzi wa maneno mtanivumilia nikichezea sauti kidogo. Kiswahili kina arubuni, na kina kitenzi kurubuni, kumghilibu mtu kwa kumwonyesha kitu. Kina kilemba, na kina kilemba cha ukoka, sifa za uongo anazovikwa mtu ili atoe alicho nacho. Anayetaka kukulipa huanza na arubuni. Anayetaka kukurubuni huanza na kilemba cha ukoka. Laiti ningalilikumbuka hilo mapema.

Kaditamati

Sasa tuje kwenye ulinzi. Kila aliyesoma tenzi anajua kwamba mwishoni mtunzi hujitaja. Hutaja jina lake na la baba yake, mara nyingi mji wake, pengine mwaka aliotunga, na katika tenzi nyingi hutaja hata idadi ya beti. Darasani nililifundisha jambo hili kama pambo la muundo: mwanzo una dua, katikati kuna kisa, mwisho kuna kaditamati. Wanafunzi waliandika hivyo kwenye mtihani na wakapata alama zao.

Nilipousoma upya muundo huo kwa jicho la binti aliyeibiwa makala kumi na moja, niliona kitu kingine. Jina lililofumwa ndani ya vina haling'oki kirahisi. Anayetaka kuliondoa na kuweka lake lazima apate jina lenye mizani ile ile na kina kile kile, au aivunje beti, na beti iliyovunjika humwumbua mwizi. Idadi ya beti nayo ni kufuli ya pili: ukipunguza au ukiongeza, hesabu iliyomo ndani ya utendi wenyewe itakushtaki. Mwaka ni kufuli ya tatu. Kabla ya ofisi yoyote ya hakimiliki kufunguliwa Afrika Mashariki, malenga alikuwa amekwisha kuisajili kazi yake ndani ya kazi yenyewe.

Palipokosekana kufuli hiyo, mambo yaliitegemea bahati. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi tangu takriban mwaka 1776 hadi 1840, alikuwa bingwa wa shairi fupi la beti moja au chache. Alitunga juu ya siasa za Mazrui na mahasimu wao wa Lamu, Pate na Unguja. Alitunga pia juu ya nyumba, njaa, mapenzi na kukosana kwa majirani. Hakulazimika kuitafuta ilhamu mbali, kwa kuwa Mombasa yenyewe ilimwamsha kila asubuhi na jambo jipya la kujibu. Lakini shairi fupi halina nafasi ya hitimisho refu kama la utenzi, na uthibitisho wa mwenyewe ulibaki vichwani mwa watu wa Mombasa. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akishirikiana na mmisionari William Taylor, aliyakusanya na kuyaandika. Diwani ikachapwa Johannesburg mwaka 1940, karne nzima baada ya Muyaka kuzikwa. Tuwashukuru waliokumbuka, lakini tusiufanye usahaulifu wa watu kuwa sanduku la kuwekea mali. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwandishi wa Lamu na wateja wa ng'ambo

Kama yupo babu wa waandishi wa kujitegemea wa leo, wale wanaokaa pwani na kuandikia wateja walio ng'ambo, basi ni Muhamadi bin Abubakar Kijuma wa Lamu. Alizaliwa katikati ya karne ya 19 na akafa mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mwanamuziki, mchonga milango na mwandishi wa hati. Visiwa vile vilikuwa na jadi ndefu ya kazi hiyo; mji wa Siyu, kisiwani Pate, ulisifika kwa waandishi walionakili misahafu kwa hati za kupendeza. Kijuma aliirithi jadi hiyo, akaifungulia soko jipya.

Wataalamu wa Ulaya walipoanza kuzitafuta tenzi za Kiswahili, aliyewaandikia nakala alikuwa yeye. Alice Werner alipata hati kwake, kadhalika William Hichens na Ernst Dammann. Wengine kati yao walifika Lamu wakaonana naye, na barua zikaendelea baada ya wao kuondoka. Alinakili kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono uliotulia na mapambo yenye adabu, na hati zake zikasafiri kwa posta hadi Ulaya. Leo zimehifadhiwa London na Ujerumani, na wataalamu bado huutambua mkono wake. Mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walitoa kitabu kizima juu yake na maandishi yake.

Mambo mawili yananivutia katika maisha ya Kijuma. La kwanza ni kwamba hakuitegemea kazi moja. Hati zilipokuwa hazina mteja, milango ilikuwa na mteja. Milango ilipopoa, palikuwa na ngoma na arusi. Aliyeuliza bei hakumkuta na njaa, na mwenye njaa ndiye anayekubali bei yoyote. La pili ni kwamba wateja wake, ingawa walikuwa mbali, walikuwa na majina, anwani na vyuo walivyofanyia kazi. Bahari ilikuwa kubwa kati yao, lakini kila upande ulimjua mwenzake. Umbali si hatari yenyewe. Hatari ni kuandikia kivuli.

Gazeti, mashindano na mshahara

Januari 1923 idara ya elimu ya Tanganyika ilianza kutoa gazeti la Mambo Leo, na ukurasa wake wa mashairi ukawa baraza la malenga kutoka kila upande. Waliulizana, wakajibizana, wakakosoana vina. Ukurasa huo ulikuza ushairi kuliko darasa lolote. Hata hivyo, mshairi wa gazeti, tangu zama hizo hadi zama zangu, kwa kawaida hakungojea fedha. Alingojea jina lake. Nami nimewahi kungojea hivyo: nilikata shairi langu la kwanza lililochapwa, nikalibandika ndani ya jalada la daftari, na hadi leo karatasi ile ninayo, imekuwa rangi ya chai.

Fedha zilianza kuonekana kupitia mashindano na wachapishaji. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, na mwaka 1948 likaundwa Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Nairobi, ambalo baadaye kwa upande wa Kenya liligeuka kuwa Kenya Literature Bureau. Katika mashindano ya uandishi wa hadithi ya 1957 hadi 1958, Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipata tuzo ya kwanza kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapwa kitabu mwaka 1960, na Bwana Msa akaingia katika kila nyumba iliyojua kusoma. Abdulla hakuwa kijana aliyeokotwa njiani. Alikuwa amefanya kazi ya ukaguzi wa afya, kisha akawa mhariri wa magazeti. Shindano lilimkuta yuko tayari, na lilikuwa na masharti yaliyoandikwa, waamuzi waliojulikana na shirika lenye mlango wa kugonga.

Na Shaaban Robert je? Tunamwita baba wa fasihi ya Kiswahili, lakini tangu mwaka 1926 alikuwa karani. Alitumikia idara ya forodha hadi 1944, kisha akahamia Longido, kisha ofisi za serikali Tanga, na karibu maisha yake yote ya uandishi aliyapitisha akiwa na mshahara wa mwezi. Maisha Yangu kilitoka 1949, Kusadikika 1951, Adili na Nduguze 1952, na nyuma ya vyote palikuwa na saa za kazi za ofisini. Kijana anayeniuliza kama aache kibarua chake ili “awe mwandishi kamili” humtajia jina hilo moja. Mshahara haukumzuia Shaaban kuona. Ulimpa nafasi ya kusema asichoagizwa. Angalikuwa anauza kila ukurasa ili ale, sidhani kama tungalikuwa na Kusadikika.

Hata hivyo, kalamu yake ilitangulia malipo yake. Alifariki Juni 1962. Kufikirika kilichapwa 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, 1968. Miswada ilimngojea mchapishaji miaka mingi, na mwenyewe hakuviona vitabu hivyo vikiwa mikononi mwa wanafunzi. Ndiyo maana nasema mtunzi na apange mambo yake mapema, mirathi ya kalamu ikiwamo. Sheria zetu zimempa nafasi hiyo: hakimiliki humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake.

Msemo usio na mwenyewe

Kuna upande mwingine wa historia hii ambao hatuusimulii, nao umo makabatini mwa mama zetu. Kila kanga ina jina, yaani msemo wake. Mwingine ni methali ya wote, lakini mwingi ni utungo mpya, wa mizani iliyopimwa vizuri, ambao mtu fulani aliukalia akaufikiria. Ukiitazama kanga pembeni utaona mara nyingi alama ya mfanyabiashara aliyeichapisha. Jina la aliyetunga msemo halimo. Watunzi hao wamesomwa na watu wengi kuliko diwani zote nilizo nazo, na hakuna hata mmoja ninayeweza kumtaja hapa.

Simlaumu mfanyabiashara, alinunua msemo, akachapa. Nataka tu msomaji aone tofauti ya njia mbili zilizokuwapo pwani yetu. Njia moja ni ya utendi: mtunzi ameagizwa, amelipwa au ametuzwa, na jina lake limo ndani. Nyingine ni ya kanga: mtunzi amelipwa, pengine, na jina lake limepotea. Mwandishi wa mtandaoni leo anasimama kwenye njia panda ile ile, naye mara nyingi huambiwa kwamba njia ya kanga ndiyo ya pekee.

Sheria ya kimataifa imelijadili jambo hili kwa muda mrefu. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 ulipopitiwa upya Roma mwaka 1928, uliongezwa kanuni kwamba mtunzi, hata akiuza haki za mapato, anabaki na haki ya kutambuliwa kuwa yeye ndiye aliyetunga. Kenya ilijiunga na mkataba huo 1993, Tanzania 1994. Tanzania ikatunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, Kenya ikatunga yake mwaka 2001. Chini ya mkataba huo hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, bila kungoja usajili. Nilipoyasoma hayo nilitabasamu. Malenga wa Pate, mwenye jina katika beti yake ya mwisho, angaliwaelewa waheshimiwa wale wa Roma bila mkalimani.

Kazi isiyo na uso

Nimeahidi kisa changu. Mwaka wa tatu wa kustaafu, kiinua mgongo kikiwa kimekwisha kuwa bati na saruji, nilijaribu tafsiri mtandaoni. Alinijia mteja mwenye maneno matamu. Alisema amesoma maandishi yangu, kwamba Kiswahili changu ni cha kipekee, kwamba hajapata kuona ufasaha kama huo. Nikavikwa kilemba, nami sikukigusa kujua kimefumwa kwa nini. Aliniomba shilingi elfu hamsini za usajili, zitakazorudishwa pamoja na malipo ya kwanza. Nilizituma. Alinipa kijitabu cha kurasa sitini. Nilikifasiri kwa wiki sita, nikapeleka. Kisha akaomba picha ya kitambulisho changu na tarakimu zilizoingia kwenye simu yangu wakati huo huo, “ili malipo yapite.” Nilikuwa nazisoma kwa sauti, nikijiandaa kuzituma, pale mwanangu alipoinyakua simu mkononi mwangu. Akiba yangu ndogo ikasalimika kwa mkono wa mtoto niliyemfundisha kuhesabu. Elfu hamsini na wiki sita hazikurudi. Nilikaa na aibu hiyo mwaka mzima bila kumwambia mtu nje ya nyumba yangu, kwa kuwa mwalimu hapendi kuonekana ameshindwa mtihani.

Ndiyo sababu sikumkaripia yule binti kwa kudanganywa. Nilimkaripia kwa jambo jingine. Katika mazungumzo alikiri kwamba kabla ya makala zile alikuwa akiwaandikia wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo insha zao za masomo, wao wakiziwasilisha kwa majina yao. Najua kazi hiyo imeenea, hasa miongoni mwa wahitimu wa Kenya, na kwamba wenye akili nyingi wameishi kwayo. Mwaka 2022 Uingereza ilitunga sheria inayokataza kuwauzia wanafunzi huduma hiyo. Nikamwambia, “Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba kunakili ni wizi.”

Alinitazama moja kwa moja. “Ni kweli, Mwalimu. Na insha zile ndizo zilizomlipia mdogo wangu ada ya shule.”

Sikuwa na jibu la haraka, na sitajifanya hapa kwamba nilikuwa nalo. Kile ninachoweza kusema ni cha mwanahistoria zaidi kuliko cha hakimu. Katika kazi ile nyuso mbili zimefichwa: mwandishi hamjui atakayemsoma, na msomaji hajui nani ameandika. Ilhamu hukauka hapo, kwa kuwa hakuna wa kuzungumza naye. Usalama nao hukauka hapo hapo, kwa kuwa aliyekubali kutojulikana hana pa kushtaki anapodhulumiwa. Binti huyu aliniambia kwamba miaka miwili ya kuandika bila jina ilimwachia fedha kidogo na hofu kubwa: alipotaka kuandika shairi lake mwenyewe, aligundua kwamba hajui tena sauti yake ikoje. Kwangu hasara hiyo ilizidi ya makala kumi na moja.

Nilichomjibu

Alipokuja mara ya pili nilikuwa nimemaliza kusoma. Tulikaa barazani tukayageuza mambo ya kale kuwa karatasi moja ya makubaliano. Juu yake tuliandika jina kamili la mteja na mahali anapopatikana, maana asiyetaka kujulikana hajakuja kuagiza. Chini yake tuliweka kazi yenyewe na kipimo chake, idadi ya maneno badala ya idadi ya beti, ili isiongezwe kimyakimya. Tukaweka bei, na nusu yake iwe arubuni kabla ya kuanza. Tukaweka tarehe. Mwisho tukaandika jina la mtunzi litokee wapi, na kama mteja hataki litokee, basi hilo nalo liwe na bei yake na liandikwe. Nje ya karatasi nikampa makatazo matatu niliyoyanunua kwa elfu hamsini zangu: usilipe ili upewe kazi, usifanye jaribio refu la bure, na tarakimu za siri za simu yako usimsomee hata anayejiita benki.

Wateja wawili waliiona karatasi hiyo wakanyamaza kabisa. Wa tatu, mtoaji mdogo wa vitabu vya watoto, aliuliza maswali mawili akakubali. Arubuni ilikuwa ndogo, lakini iliingia. Kibarua chake cha dukani hakukiacha.

Alipouliza aandike juu ya nini, nilimkumbusha Muyaka na Mombasa yake. Bibi yake anaishi Pangani, karibu na mikoko, naye anajua majina ya samaki ambayo mimi, mwalimu wa Kiswahili, sikuwahi kuyasikia. Alikwenda kukaa naye siku nne, na daftari. Aliporudi alinisomea hadithi ya kwanza. Nilimsahihisha maneno mawili tu, moja kati yake nikakosea mimi: neno lilikuwa sahihi kwa lafudhi ya Pangani, na bibi yake alikuwa shahidi.

Ninaowaandikia haya ni watu wa lugha, na wengi mna wazee walioishi kwa kalamu au kwa ulimi: waliotunga nyimbo za arusi, waliowaandikia majirani barua, waliouza misemo ya kanga. Waulizeni wangali hai. Waulizeni walilipwa nini, na nani, na jina lao liliwekwa wapi. Kisha yaandikeni, na majina yao mkiyaweka mwishoni, yawekeni pale ambapo hayang'oki.